Kibodi moja kwa lugha nne: nichague mpangilio gani?

Mfasiri_wa_Usiku aliuliza:

Ndugu wanajamvi,

Ninafanya kazi ya kutafsiri, na katika siku moja naweza kuandika Kiswahili, Kifaransa, Kijerumani na Kiarabu kwa kompyuta mpakato ileile, ambayo vibonye vyake vimechapwa herufi kwa mpangilio wa Marekani, yaani QWERTY. Mambo matatu yananitatiza.

La kwanza ni kwamba nikisahau kurudisha mpangilio baada ya kuandika Kijerumani, "kazi yangu" hutoka "kayi zangu". Hiyo "kayi" naiona papo hapo, kwa sababu programu ya kukagua tahajia huipigia mstari mwekundu, lakini "zangu" ni Kiswahili halali na hupita bila kuguswa. Majuzi nilirekebisha neno moja tu katika waraka uliokuwa umekwisha kuhaririwa, nikaandika "yote" likawa "zote", na mteja akanirudishia akiuliza kama sijui upatanisho wa kisarufi.

La pili, nilijaribu mpangilio wa US-International ili nipate é na ç kwa urahisi. Nikazipata, ila kila ng'ombe akawa "ngómbe" na kila anayeng'ang'ania akawa "anayengángánia".

La tatu ndilo zito zaidi. Nimepewa maandishi ya Kiswahili yaliyoandikwa kwa hati za Kiarabu ili niyachape upya. Katika mpangilio wa Kiarabu sioni herufi za sauti za p, ch wala v. Nyingine nimezipata katika mpangilio wa Kiajemi, kwa hiyo nimekuwa nikihama kutoka huu kwenda ule. Sasa nikitafuta neno "kitabu" ndani ya faili, kompyuta huonyesha baadhi ya mahali na kuruka mengine, ingawa kwa macho yangu maneno yote ni mamoja. Je, ninunue kibodi nne, kila moja kwa lugha yake?

Fundi_Vibonye alijibu:

Ndugu Mfasiri, usinunue kitu bado. Herufi iliyochapwa juu ya kibonye ni rangi tu, nayo haina uzito wowote katika kazi ya kompyuta. Unapobonyeza, kibodi haipeleki herufi bali hupeleka namba ya mahali: kibonye cha safu fulani, nafasi fulani. Mfumo endeshi ndio unaotazama jedwali la mpangilio uliochaguliwa wakati huo na kuamua kwamba mahali hapo panaitwa "y" au "z". Ukichagua mpangilio wa Kifaransa, AZERTY, kwenye kibodi yako hiyohiyo na kuandika "maji" kwa vidole vilivyozoea QWERTY, utapata ",qji", na "wazi" itatoka "zqwi", kwa sababu A na Q zimebadilishana nafasi, Z na W vilevile, na M imehamia kulia kwa L.

Kosa la Kijerumani nalifahamu, na kwa Kiswahili lina ubaya wa pekee. Mpangilio wa Kijerumani, QWERTZ, hubadilisha Y na Z kwa kuwa z hutumika sana katika Kijerumani ilhali y ni adimu. Kwa bahati mbaya herufi hizo mbili ndizo zinazotenganisha viambishi vyetu vya ngeli: yangu na zangu, yetu na zetu, yake na zake, yao na zao. Hakuna programu ya tahajia itakayolikamata kosa hilo, kwa hiyo ushauri wangu ni kuuondoa mpangilio wa Kijerumani kabisa. Mwandishi wa Kijerumani anahitaji herufi nne tu zaidi ya zako, ä, ö, ü na ß, na hakuna haja ya kuihamisha y kwa ajili yake.

Hapo ndipo tatizo lako la pili linapopatia dawa. US-International inazo herufi hizo zote kwa kushikilia AltGr, yaani kibonye cha Alt cha kulia: pamoja na q hutoa ä, pamoja na p hutoa ö, pamoja na y hutoa ü, pamoja na s hutoa ß, pamoja na e hutoa é, na pamoja na alama ya mkato hutoa ç. Kinachokuudhi ni kibonye cha ritifaa, yaani alama ya ', ambacho katika mpangilio huo kimefanywa kibonye cha kungoja: hakiandiki kitu hadi kione herufi inayofuata, na ikiwa ni irabu huivisha alama. Ukibonyeza nafasi baada ya ritifaa utaipata yenyewe, lakini hakuna anayeweza kuandika Kiswahili kwa namna hiyo kutwa nzima. Mfumo endeshi wa Linux una toleo la mpangilio huu ambalo ungojaji umehamishiwa kwenye AltGr, na ritifaa imeachwa huru. Kwa Windows ipo programu ya bure ya Microsoft, Keyboard Layout Creator: ifungue, upakie US-International, ukiondolee kibonye cha ritifaa hali ya kungoja, kisha uihifadhi kwa jina lako. Nilifanya hivyo kwa muda usiozidi robo saa, na tangu hapo Kiswahili, Kifaransa na Kijerumani nimeviandika kwa mpangilio mmoja.

Mchapaji_Mkongwe alijibu:

Nakubaliana na Fundi kwa sehemu kubwa, ila neno "rangi tu" limezidi kidogo. Sisi tuliojifunza kwa taipureta tulikuta herufi ikiwa ni chuma kilichounganishwa na kibonye chake, na mpangilio wa QWERTY uliotoka na mashine za mvumbuzi Sholes, ambazo kampuni ya Remington ilianza kuziuza mwaka 1874, haukuweza kubadilishwa na mtumiaji. Leo jedwali linabadilika, lakini umbo la kibodi bado ni la plastiki. Kibodi ya Marekani ina vibonye 104, na ile ya kawaida ya Ulaya ina 105. Kibonye kilichozidi kipo baina ya Shift ya kushoto na Z. Katika mipangilio ya Kifaransa na Kijerumani alama za < na > hukaa hapo. Atakayechagua AZERTY kwenye kibodi ya Marekani atazitafuta alama hizo asizione, kwa kuwa kibonye chake hakipo mezani.

Sikubaliani pia kwamba mpangilio mmoja unamfaa kila mtu. Anayeandika Kifaransa kurasa ishirini kwa siku atachoshwa na kushikilia AltGr kila baada ya neno, ilhali AZERTY inampa é, è, ç na à kwa mguso mmoja. Ina kasoro zake, nakiri: tarakimu zinadai Shift, na É kubwa haina kibonye, jambo lililowafanya Wafaransa watoe kiwango kipya mwaka 2019 kinachorekebisha AZERTY na kuutambua pia mpangilio mwingine wa Kifaransa, BÉPO. Ndugu Mfasiri, hesabu kwanza ni lugha ipi inayokula saa zako nyingi, ndipo uamue.

Jihadhari pia na nywila. Skrini ya kuingilia inaweza kuwa na mpangilio tofauti na ule unaoutumia ndani, na kwa kuwa herufi hufichwa kwa nukta, utaapa kwamba umeandika sawasawa hadi akaunti ifungwe. Niliwahi kufungiwa nje siku nzima kwa sababu ya z moja.

Mwanahati alijibu:

Naomba nishughulikie jambo la tatu, ambalo wenzangu wameliruka.

Kompyuta haihifadhi umbo la herufi, huhifadhi namba yake katika Unicode, yaani orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba. Ndiyo maana kibonye kimoja cha ع kinatosha, ingawa herufi hiyo ina maumbo manne kulingana na mahali ilipo katika neno: namba ni moja, U+0639, na programu ya kuonyesha maandishi ndiyo inayochagua umbo. Uzuri huo ndio uliokuletea balaa. Kaf, yaani herufi ya k, ya mpangilio wa Kiarabu, ك, ni U+0643. Ya mpangilio wa Kiajemi, ک, ni U+06A9. Mwishoni mwa neno unaziona zikitofautiana, lakini mwanzoni hufanana kabisa, na "kitabu" huanza kwa kaf. Umeandika maneno mawili tofauti yaliyovaa sura moja. Herufi ya y, iitwayo "ya", nayo ni hivyohivyo: ي ni U+064A, na ی ya Kiajemi ni U+06CC, zikitengana kwa nukta mbili mwishoni mwa neno tu.

Chagua kaf moja na "ya" moja, kisha utumie amri ya kutafuta na kubadilisha faili zima. Mimi ningechagua za Kiarabu, kwa kuwa maandishi ya Kiswahili yalifuata mkondo huo. Usiendelee kuhamahama. Mpangilio wa Kiajemi una پ, چ na گ, lakini hauna ڤ, kwa kuwa Waajemi huandika sauti ya v kwa و. Kwa hiyo hakuna mpangilio uliokwisha kutengenezwa kati ya hiyo miwili utakaokutosheleza. Tumia programu ileile aliyoitaja Fundi, uanze na jedwali la Kiarabu, na uweke kila herufi ya nyongeza chini ya AltGr kwenye kibonye cha ndugu yake wa umbo: پ kwenye ب, چ kwenye ج, ڤ kwenye ف, گ kwenye ك. Mkono utazikumbuka bila kufundishwa.

Kwa kuwa tumefika kwenye namba, ritifaa yetu ina ugonjwa uleule. Ile ya kibodi ni U+0027. Programu za uandishi huigeuza kimyakimya kuwa iliyopinda, U+2019. Na wapo wanaisimu wanaopendelea U+02BC, ambayo Unicode huihesabu kuwa ni herufi na si alama ya uakifishaji. Kwa hoja za lugha wana haki, kwa sababu katika ng' ritifaa ni sehemu ya herufi. Hata hivyo, sipendekezi uitumie: msomaji anayetafuta "ng'ombe" ataandika alama iliyo kwenye kibodi yake, na kazi yako haitaonekana. Zima ugeuzaji wa alama katika programu yako na ubaki na U+0027.

Wanaodhani tuna taabu wawatazame Wakorea. Silabi zinazoweza kuundwa kwa herufi zao za leo ni 11,172, na zote huandikwa kwa vibonye vya kawaida, konsonanti zikiwa upande wa kushoto na irabu kulia. Ukibonyeza ㅎ, ㅏ, ㄴ unapata 한. Ukiongeza ㅏ, ile ㄴ hujitoa yenyewe katika silabi ya kwanza na kuanzisha ya pili, ikawa 하나, yaani "moja". Mpangilio hapo si jedwali tena, ni programu inayoijua sarufi ya hati.

Mfasiri_wa_Usiku alijibu:

Ahsanteni sana, walimu wangu. Nimeondoa mpangilio wa Kijerumani, nimetengeneza miwili yangu, mmoja wa Kilatini na mmoja wa Kiarabu, na baada ya kubadilisha kaf zote "kitabu" sasa anapatikana kila alipo. Mzee Mchapaji, nimehesabu kama ulivyonishauri: Kifaransa ni kidogo kwangu, kwa hiyo AltGr haitanichosha. Swali la mwisho: kwa kuwa vibonye vyangu havina herufi za Kiarabu, ni vyema nibandike vibandiko?

Mchapaji_Mkongwe alijibu:

Usibandike. Macho yakishazoea kushuka kwenye vibonye, ni kazi kuyapandisha. Weka kibodi ya kwenye skrini ikuonyeshe mpangilio wa Kiarabu pembeni mwa waraka, uiangalie unapokwama, na uifunge siku utakapojikuta hujaitazama tangu asubuhi.