Grantchester: kijiji kisikue kwa sababu ya shairi?

Mpita Njia: Wakuu, niko Cambridge, Uingereza, mwaka wa pili. Jumapili tunafuata mto Cam kwa miguu, tunakatiza malishoni hadi Grantchester, kama kilomita 3. Kijiji kinajulikana kwa shairi la 1912 la Mwingereza Rupert Brooke. Mwishoni anauliza kama saa ya kanisa ingali saa tisa kasoro dakika kumi, na kama asali ya chai bado ipo. Nyumba hazishikiki bei, kujenga mpya ni shughuli. Ni haki kukizuia kijiji kisikue ili mtalii akikute kama kilivyoandikwa?

Mama Nesi: Saa tisa? Kwa Waingereza ni saa tatu kasoro. Usituchanganye.

Mpita Njia: Naandika Kiswahili, nahesabu saa za Kiswahili. Ni alasiri, mama.

Kobe wa Muscat: Muacheni na saa tatu yake. Asubuhi, chai, asali, kazini bado hujafika. Huyo mshairi ni ndugu yetu kabisa.

Mzee wa Tungo: Mnakejeli msichokijua. Kijana alipanga pale tangu 1909, akiogelea mtoni. Alikaa chini ya mti akaandika anachokiona. Kuharibu mahali hapo ni ushenzi.

Kobe wa Muscat: Mti gani, mzee? Aliandikia mkahawani, Berlin! Alikuwa mgeni amekumbuka kwao. Ukiwa mbali hata tope la kwenu linanukia, mimi nalijua hilo.

Mzee wa Tungo: Kijana, heshima. Huyo alikufa Gallipoli, Uturuki, Vita vya Kwanza vya Dunia, akipigania nchi yake.

Mama Nesi: Hakufika Gallipoli. Alikufa melini Aprili 1915, kwa mbu. Amezikwa Skyros, Ugiriki.

Kobe wa Muscat: Malaria! Sisi inatulaza kila masika, mbona hatujaandikiwa kijiji?

Mama Nesi: SI malaria. Pale mbu alipomuuma pakaingia uchafu, sumu ikasambaa kwenye damu. Miaka 19 wodini, usinifundishe mbu.

Mzee wa Tungo: Mbu au risasi, alikuwa njiani kwenda vitani.

Mpita Njia: Jamani, na nyumba?

Mama Nesi: Ujenzi mpya umebanwa kuzunguka Cambridge nzima, si hapo tu. Shairi umelisingizia.

Mpita Njia: Sawa, lakini ile bustani ya matunda ya hapo kijijini inauza chai tangu 1897, na shairi ndilo linalojaza viti.

Kobe wa Muscat: Nesi, kwa hiyo huyo chandarua kingemwokoa au la?