Naomba ushauri: hifadhidata ya idara, MySQL au PostgreSQL?

MwalimuWaJioni (Jumanne, saa 3:40 usiku)

Hamjambo wana jukwaa. Nafundisha katika idara moja ya chuo kikuu cha umma hapa Nairobi. Jina la chuo naomba tuliache. Mwenyekiti wa idara amenikabidhi kazi ya kupanga mfumo wa hifadhidata utakaotumika kupitia mtandao: orodha ya wanafunzi, kozi wanazosajili, alama za mitihani, na nani anasimamia mradi wa nani. Wanafunzi ni kama 600. Kwa sasa kila mhadhiri ana faili lake la Excel. Kabla ya kikao cha bodi ya mitihani muhula uliopita nililetewa mafaili manne ya kozi moja, na katika hayo manne mwanafunzi mmoja alikuwa na 38, 48, 58 na nafasi tupu. Niliyakodolea macho mpaka saa nane usiku na sikujua lipi ni la kweli.

Mfumo unatakiwa Januari. Kinachoninyima usingizi ni uamuzi mmoja: tutumie programu ipi ya hifadhidata, MySQL au PostgreSQL? Anayejua anisaidie tafadhali.

FundiSeva (saa 3:58)

PostgreSQL, usifikirie mara mbili. Ni kali kwa masharti. Ukiiambia alama ni kati ya 0 na 100, mtu akiandika 480 inakataa. MySQL kwa miaka mingi ilikuwa inapokea sharti kama hilo kisha inalipuuza kimya kimya; imeanza kulitekeleza toleo la 8.0.16. Ila kwa watu 600, yoyote kati ya hizo mbili itabeba mzigo, hata kwenye kompyuta kuukuu ya Luthuli Avenue.

ChaiYaRangi (saa 4:05)

Watu 600 tu? Excel inatosha. Mnapenda kujitafutia kazi.

FundiSeva (saa 4:11)

Waulize Waingereza. Mwaka 2020 walipoteza kwa muda karibu visa 16,000 vya Covid kwa sababu matokeo yalipitishwa kwenye faili la Excel la aina ya zamani, ambalo mwisho wake ni mistari 65,536. Iliyozidi ilikatwa na hakuna aliyeona. Shida ya Excel si wingi wa watu, shida ni kwamba haisemi inapokosea.

MzeeWaUmoja (saa 4:30)

Mimi nilikuwa karani wa mitihani miaka ya themanini. Tulikuwa na leja moja kubwa, ikifungiwa kabatini, ufunguo kwa mtu mmoja. Ukikosea hukufuta. Ulikata kwa mstari mmoja wa rula, ukaandika juu yake, ukatia sahihi na tarehe. Bosi wangu alikuwa akipitisha kidole kwenye kila mkato na kuuliza, "Huu ni wa nani?" Siku hizi mnataka mashine iwe mwaminifu kwa niaba yenu. Uaminifu ni wa mtu, mwanangu.

Msoto_Githurai (saa 4:52)

Mwalimu, mimi ndiye yule mwanafunzi wa nafasi tupu. Si wa chuo chako, ila ni yeye. Mwaka wa tatu nilifanya mtihani, nikatia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio, matokeo yakatoka na pengo. Mhadhiri akanituma kwa katibu, katibu kwa mratibu wa mitihani, mratibu akanirudisha kwa mhadhiri, naye alikuwa ameshahama. Nilikuwa napanda matatu saa kumi na mbili asubuhi ili niwe wa kwanza mlangoni. Wenzangu walivaa majoho mwaka ule, mimi nikavaa mwaka uliofuata, na mama alikuwa ameshashona nguo ya sherehe. Karatasi yangu ilikuja kupatikana ndani ya bahasha ya kozi nyingine.

Hayo ya MySQL siyajui. Ombi langu ni moja: mwanafunzi aweze kuingia mwenyewe aone alama yake mapema, kabla mhadhiri hajasahau sura yake.

BintiWaTena (saa 5:07)

Mwalimu, swali lako ni la mwisho, si la kwanza. Nani anaujenga mfumo huo, na utakaa kwenye seva ya nani?

MwalimuWaJioni (saa 5:15)

Asanteni. Msoto, pole sana, hadithi yako imenigusa. Binti, kuna kijana anayeijua kazi anatusaidia, hapo hakuna shida. Naomba turudi kwenye swali langu.

BintiWaTena (saa 5:18)

Kijana wa kitengo cha TEHAMA cha chuo au wa nje? Na alama za watu ziko wapi usiku huu tunapoandika?

MwalimuWaJioni (Jumatano, saa 1:20 asubuhi)

Basi niseme. Kijana ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Tulianza Agosti. Idara haina fungu, kwa hiyo nimemlipa shilingi 45,000 kutoka mfukoni mwangu, na bado ananidai 45,000. Mfumo tayari unafanya kazi. Rekodi za watu 1,900 nilimpa mwenyewe kwa flashi. Ziko kwenye seva aliyoikodi kwa akaunti yake, jina la tovuti limesajiliwa kwa jina lake, na nywila kuu anayo yeye. Sasa amepata kazi Mombasa, anaondoka mwezi ujao, na anaomba salio. Ameujenga kwa MySQL. Mwenzetu mmoja kwenye kamati anashikilia kuwa bila PostgreSQL hautapita, ndiyo maana nikauliza nilivyouliza.

Kabla hamjanirukia: kijana huyu ni mwaminifu, amekulia nyumbani kwangu tangu darasa la tano. Kitengo cha TEHAMA tuliwaandikia barua mara mbili hatukujibiwa. Ningefanyaje?

WakiliWaMtaa (saa 2:02)

Uaminifu wake hauhusiki hapa. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka anayeshughulikia data kwa niaba ya mwingine awe na mkataba wa maandishi. Mna mkataba? Data ikifikiwa na asiyeruhusiwa na kuna hatari ya kweli kwa wenyewe, Kamishna wa Data anatakiwa kuarifiwa ndani ya saa 72. Faini inaweza kufika milioni tano. Tena chuo ni cha umma, na ununuzi una sheria yake ya 2015. Mhadhiri kumpa kazi mtoto wa dada yake bila kutangaza undugu huo ni mgongano wa maslahi, hata kama hukula shilingi.

MwalimuWaJioni (saa 2:20)

Sikula shilingi, nimetoa zangu. Na hakuna kilichovuja. Ningesubiri kamati ya ununuzi, wanafunzi wangeendelea kupoteza alama. Mkataba na mtoto niliyemlea?

MzeeWaUmoja (saa 2:41)

Mkataba na ndugu ndio unaotunza undugu. Mimi na kaka yangu tuligawana shamba kwa mdomo. Mwaka wa kumi na moja huu hatujala meza moja.

ChaiYaRangi (saa 2:50)

Mlipe mtoto wa watu salio lake kwanza, mengine baadaye.

JichoKali (saa 3:33)

Samahani, hii ni hekaya. Jana wanafunzi 600, leo 1,900. Jana "kijana", leo mpwa. Mhadhiri gani anatoa 45,000 mfukoni kwa ajili ya ofisi? Nadhani ni mwanafunzi wa mwaka wa nne ana zoezi la kupanga hifadhidata, anataka tumfanyie. Mwezi uliopita tulipewa kisa kama hiki cha zahanati, mwisho tukakuta swali lenyewe limeandikwa neno kwa neno kwenye karatasi ya mtihani.

FundiSeva (saa 3:40)

Hata mimi hesabu ile ilinishtua.

Msoto_Githurai (saa 3:49)

Mimi namwamini. Aliyetunga asingesema mafaili manne na alama nne. Hayo mimi nimeyaishi.

MwalimuWaJioni (saa 6:15 mchana)

Nimetoka darasani sasa hivi. 600 ni walio masomoni leo. 1,900 ni pamoja na waliohitimu na walioahirisha masomo, kwa sababu nilitaka historia yote iwe mahali pamoja.

Na kwa kuwa mnaniona mwongo, nitasema nililolificha kwa aibu. Mpwa wangu alitumia nambari ya usajili kumtambulisha kila mwanafunzi. Kuna msichana alihamia programu nyingine mwaka wa pili akapewa nambari mpya. Mfumo unamwona kama watu wawili, kila mmoja na nusu ya alama zake, na wote wawili unawaonyesha hawajatimiza kozi za kuhitimu. Jana alikuja ofisini na karatasi zake zote kwenye bahasha ya kaki, akazipanga mezani moja moja, akaniuliza, "Mwalimu, mimi ni yupi hapa?" Nilimwambia ni hitilafu ndogo. Si ndogo. Ndiyo sababu jana usiku niliandika hapa.

JichoKali (saa 6:31)

Naondoa neno langu, mwalimu. Hilo la nambari mbili haliko kwenye zoezi lolote. Nisamehe.

BintiWaTena (saa 7:45)

Pole, mwalimu. Nimefanya kazi ya kupanga mifumo miaka 12, mara mbili kwa vyuo, na wiki ya kwanza sigusi kompyuta. Nakaa na katibu wa idara. Nachukua alama moja tu, naifuata kutoka karatasi ya mtihani hadi hati ya matokeo: nani anaiandika, wapi, nani anainakili, nani ana ruhusa ya kuibadilisha, na baada ya kikao gani haiguswi tena. Pale inaponakiliwa kwa mkono ndipo inapopotea.

Ukiijua njia hiyo, majedwali yanajitokeza yenyewe. Mwanafunzi. Kozi. Usajili wa mwanafunzi huyu katika kozi hii muhula huu. Alama inakaa kwenye usajili, haikai kwa mwanafunzi, ndiyo maana anayerudia kozi anakuwa na mistari miwili bila kugongana. Kila mtu apewe kitambulisho cha ndani kisichobadilika hata akihama programu mara tatu. Nambari za usajili ziwe jedwali lake, na mtu mmoja anaweza kuwa nazo mbili. Huyo msichana anaunganishwa hapo. Namba za simu ziandikwe kama maneno, sio hesabu, la sivyo ile sufuri ya mbele inaliwa, kama Excel inavyofanya.

Mzee wa Umoja ametupa kanuni bora kuliko zetu zote. Alama isifutwe kamwe. Ikibadilika, ya zamani ibaki, mpya iandikwe na jina la aliyebadilisha, saa na sababu. 48 ikigeuka 58 bila mkono wa mtu kuonekana, siku mtahini wa nje akiuliza hamna jibu.

Data iondoke kwa mpwa wako wiki hii. Muone mkuu wa kitengo cha TEHAMA kwa miguu, usitume barua ya tatu. Vyuo vyetu vinapata intaneti na nafasi za seva kupitia KENET, mtandao wa taasisi za elimu na utafiti nchini, kwa hiyo pa kukaa papo, chini ya anwani ya chuo. Nakala rudufu iwekwe nje ya jengo, na kila muhula mjaribu kuirudisha kwenye kompyuta tupu. Nimeona nakala za mwaka mzima ambazo hazikufunguka.

MySQL ibaki hapo hapo, usiibadilishe. Ipo tangu 1995, itabeba idara yako.

MwalimuWaJioni (Jumatatu, saa 2:10 usiku)

Narudi na habari. Ijumaa nilikwenda kwa mwenyekiti nikamwambia yote, pamoja na undugu. Alinyamaza muda mrefu, kisha tukashuka pamoja hadi TEHAMA. Wametupa seva. Jumamosi mpwa wangu alikaa na fundi wao saa tano, wakahamisha kila kitu, akabadilisha nywila mbele yetu na kufuta nakala zake, tukaandika karatasi wote watatu tukatia sahihi. Januari haitawezekana, mwenyekiti amekubali Mei.

Leo nimekaa na katibu wetu na karatasi ya manila. Alama moja inanakiliwa kwa mkono mara nne kabla ya kufika kwa bodi. Mara ya tatu inanakiliwa na yeye, jioni, akiwa peke yake, kutoka karatasi ambazo wahadhiri wanazipenyeza chini ya mlango. Miaka tisa anafanya hivyo na hakuna aliyewahi kumuuliza. Yule msichana nimemwita kesho saa tatu, tutaziunganisha nambari zake akiwa amekaa pale pale.

Msoto_Githurai (saa 2:24)

Mungu akubariki. Na mpwa, mmeachana vipi?

MwalimuWaJioni (saa 2:40)

Salio lake nimelipa lote. Lile la kutia sahihi lilimuuma, siku nzima hakunisemesha. Jana jioni amekuja kula, akaniuliza kwa nini sikumwambia mapema kwamba wanafunzi huhama programu. Sikuwa na jibu, nilimpakulia tu.