Tambi za Kikorea zimenishinda, watu wa kusini mnazipikaje?

Binti_Shangani
Wadau za jioni. Niko Mtwara hapa Shangani. Juzi dada katoka Dar kaniletea pakiti nne za tambi za Kikorea, Buldak mbili zile nyeusi zenye kuku anatema moto, Shin Ramyun moja na Neoguri moja. Nikasema leo watoto watafurahi maana kila siku wanaangalia kwenye simu watu wanakula huku wanalia. Basi nikapika Buldak kama tunavyopika indomie zetu hizi, tambi nikazivunjavunja, maji nusu sufuria, vile vipakiti vyote nikamwaga humohumo. Aisee!! Kilichotoka ni mchuzi mwekundu mwepeeesi lakini unawasha hatari, mdogo kalamba kijiko kimoja akakimbilia mtungini, anakunywa maji ndo kwanza kilio kinaongezeka, baba yao akasema hiyo sumu kamwage. Nikamwaga kweli, karibia hela ya kilo mbili za mchele hiyo jamani. Nimebaki na tatu. Nakosea wapi? Na kwenye Neoguri nimefungua nikakuta kidude kigumu cheusi kama raba, kinaliwa au ni kama vile vipakiti vya kwenye boksi la viatu?

Fundi_Tambi
Pole dada ila nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta. Buldak sio tambi za mchuzi!! Ile ni ya kukausha. Chemsha maji yako kama mililita 600, tia tambi nzima usizivunje, dakika 5, afu MWAGA maji ubakize vijiko 8 hivi vya chakula, ndo unatia ile sosi unageuza juu ya moto kama nusu dakika mpaka ishike. Kile kipakiti kidogo kikavu kinaenda mwisho kabisa ukishaepua, ni ufuta na mwani, sasa wewe umevichemsha vikawa matope.
Na sosi sio lazima umalize, anza na nusu. Jina lenyewe linakwambia, bul ni moto na dak ni kuku, hawajamficha mtu. Mwaka 2024 Denmark waliziondoa madukani aina tatu za Buldak kwa ajili ya pilipili, mwezi uliofuata wakarudisha mbili, ile kali kuliko zote wakaikatalia. Hiyo nyeusi yako ni ya kawaida tu, kuna wenzake wa mara mbili na mara tatu huko.

Binti_Shangani
Ya kawaida?? Mwanangu kalala na kipande cha barafu mdomoni

Chuno_Original
Maji hayasaidii kitu, ukali wa pilipili unayeyuka kwenye mafuta sio kwenye maji, kwahiyo akinywa maji anautembeza tu mdomo mzima. Siku nyingine mpe maziwa au hata tui la nazi.
Mi naona kosa ni kuanzia darasa la saba wakati hujapita la kwanza. Anza na Shin Ramyun. Ndio mkubwa wa hiyo familia, ipo tangu 1986, Buldak mtoto wa juzi 2012 (najua mtaniambia Samyang wanaotengeneza Buldak ndio walioanza hizi tambi Korea 1963, sawa, kampuni ni ya zamani ila Buldak yenyewe ni mtoto). Shin ina mchuzi wa kueleweka. Maji mililita 550 pima kabisa, chupa ya maji ya nusu lita na tone juu yake, wengi mnaharibu hapo mnamwaga maji ya kuchemshia maharage. Unga wake na zile mboga kavu tia pamoja na tambi, dakika 4 na nusu, moto mkali. Wakati zinachemka zinyanyue juu na uma zipigwe na hewa uzirudishe, fanya mara tatu nne, zinakuwa zinateleza zina mkazo hazilegei. Yai pasua dakika ya mwisho USIKOROGE.
Afu wenzetu wakimaliza tambi mchuzi hawamwagi, wanatia wali uliopoa. Kiporo cha wali jamani! Yaani hapo sisi na Wakorea ni ndugu kabisa, mi siku hizi wali wa jana sipashi nausubirisha Shin.

Fundi_Tambi
Yai bila kukoroga ni uoga. Koroga mchuzi uwe mzito

Chuno_Original
Hiyo sasa ni uji mkuu

Mama_Mwani
Mwanangu usitupe hicho cheusi! Ule ni mwani. Mi nalima mwani huku Kilwa nimeujua hata bila kusoma pakiti, ingawa wao ule wa majani mapana sio huu wetu wa kufunga kwenye kamba na vigingi. Wanautoa Wando huko, kusini kabisa mwa Korea, naona na wao wa kusini wamepewa bahari kama sie. Utie tangu maji ya baridi uchemke nao, ndio unaotoa utamu wa mchuzi, ukiiva unakuwa laini unautafuna au unauacha ni wewe. Neoguri tambi zake nene kwahiyo dakika 5, na kwa kuwa mchuzi wake ni wa vitu vya baharini mie hutia kamba wabichi watatu wanne, dakika mbili za mwisho tu, ukiwazidisha wanakuwa kama mpira. Pweza pia lakini umchemshe kwanza pembeni mpaka alainike, sio umtie mbichi uje unitukane hapa.

AbuuMikindani
Samahani kidogo kabla hatujafika kwenye kamba, hizi ni halali?

Mama_Mwani
Geuza pakiti utafute alama ya halali. Zipo za kwao zinazouzwa nje zina alama ya KMF, ndio jumuiya ya Waislamu wa Korea. Ila zile zilizotengenezwa kuuzwa kwao wenyewe nyingine zina nguruwe na maandishi yote Kikorea, isiyo na alama iache tu dukani.

Newala_Korosho
Nyie wote mnazunguka. Dada unakaa Mtwara afu unashindwa na pilipili na korosho zipo?? Chukua zile vipande vipande za bei rahisi, kama kiganja kimoja, kaanga kavu zipate rangi, twanga kwenye kinu mpaka zianze kutoa mafuta zishikane. Changanya na tui zito nusu kikombe. Buldak ukishaimwaga maji, tia nusu ya sosi, afu mimina huo mchanganyiko wako, geuza moto mdogo. Inakuwa rangi ya machungwa iliyofifia, nzito, ukali unakuja nyuma polepole kama mgeni anayepiga hodi. Wao wana ile ya pakiti ya pinki wanaiita carbonara ina unga wa jibini na maziwa, kazi ni ileile ya kupoza, sasa jibini utaipata wapi Newala saa mbili usiku? Pembeni achari ya embe, hiyo ndo kimchi yetu (zile mboga zao za kuchachusha na pilipili)

Fundi_Tambi
Nazi kwenye Buldak. Wakorea wakisikia

Newala_Korosho
Watakuja kununua korosho

Binti_Shangani
Nimerudi. Leo mchana nimepika Buldak iliyobaki kwa korosho na tui, sosi nimetia theluthi tu nilikuwa naogopa bado. Kwenye kumwaga maji nimeteleza zikabaki kama vijiko vitatu ikaanza kushika chini, nimeongeza tui ikakaa sawa. Watoto wamekula, mdogo alinusa kwanza kama paka afu akala. Ila aliyenishangaza ni bibi yao, yeye alisema hawezi kula minyoo ya watu, kakaa pembeni anachambua mboga zake, baadae kaniambia nipe nionje chumvi. Kaonja chumvi mpaka sahani ikaisha. Sasa anauliza ile sosi iliyobaki nimeweka wapi anataka ajaribu kwenye ming'oko, vile viazi vyetu vya porini

Chuno_Original
Bibi apewe ile ya mara tatu

Binti_Shangani
Jioni ni Neoguri, kamba nimenunua. Mwani natia kwenye maji ya baridi si ndio?

Mama_Mwani
Ya baridi mwanangu. Na bibi mwekee bakuli lake mapema