Barabara za kulipia: Kusini yenye njia moja italipa mara ngapi?

Kijana wa Chikongola (mleta mada)
Wadau, kila Bunge la bajeti likikaa Dodoma habari ya barabara za kulipia inarudi. Mfano ni ule ule, barabara ya haraka Kibaha–Chalinze–Morogoro, kilomita 205, kwa ubia: mwekezaji anajenga, anakusanya getini mpaka arudishe chake, kisha anaikabidhi kwa serikali. Wabunge wanaounga mkono wanasema Hazina haiwezi kujenga kila kitu. Sawa. Ya Kibaha siipingi, maana tumeambiwa barabara ya zamani itabaki, asiye na hela apite huko.

Swali langu ni huku kwetu. Mtwara kwenda Dar ni Lindi, Kilwa, Kibiti, basi. Likiwekwa geti Somanga au pale Daraja la Mkapa, asiye na hela apite wapi? Na bure hatupiti hata leo. Kila lita ya petroli na dizeli ina tozo ya Mfuko wa Barabara. Mwaka 2017 ile ada ya mwaka ya gari, ya stika kwenye kioo, ilifutwa, mafuta yakaongezwa Sh40 kwa lita. Mwaka 2021 ikapanda tena Sh100 kwa lita. Nataka sheria iseme waziwazi kwamba hakuna geti pasipo na njia ya bure pembeni. Iwe kifungu, isiwe kauli ya waziri jukwaani. Mnasemaje?

Suka wa Makaa
Kaka, njia nyingine ipo. Masasi, Tunduru, Songea, Makambako, Iringa, unaingia Dar. Ni lami tupu. Mimi natoka Ngaka na makaa ya mawe kuja bandari ya Mtwara, hiyo barabara naijua kona kwa kona. Geti liwekwe. Barabara ikiwa nzima tajiri anaokoa matairi na springi, hela ya geti inarudi yenyewe. Ila nyie watu wa huku mnapenda kulalamika kabla kitu hakijafika.

Bi Mikindani
Eti Songea! Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ikakatika upande wa Kilwa, dada yangu alikuwa na rufaa ya Muhimbili. Basi likakwama Somanga na mgonjwa ndani. Unataka mtu wa namna hiyo azunguke Tunduru na Songea, safari zaidi ya mara mbili, nauli zaidi ya mara mbili, halafu unaiita njia mbadala? Na hayo ya kulalamika ungeyaweka akiba, baba. Watu wa Kigamboni walilalamika tozo za daraja, 2022 zikapunguzwa. Wao mliwaita wananchi wanaodai haki. Sisi tukifungua mdomo tunaitwa walalamishi.

Suka wa Makaa
Dada, pole kwa mgonjwa, sikumlenga mtu. Ila Kigamboni usiilinganishe. Lile daraja sehemu kubwa ni hela ya NSSF, michango ya wafanyakazi, lazima irudi. Na asiyetaka kulipa anazunguka Kongowe.

Kijana wa Chikongola
Umesema mwenyewe: anazunguka Kongowe. Ndiyo hoja yangu hiyo! Yeye anazunguka ndani ya mji mmoja, mimi unanizungusha mikoa.

Fundi Lami, Lindi
Naomba niseme kitu cha kazini. Barabara haiharibiwi na lita za mafuta, inaharibiwa na uzito unaobebwa na kila ekseli, yaani mhimili wa magurudumu. Kanuni tuliyofundishwa ni kwamba uzito wa ekseli ukiongezeka mara mbili, uharibifu unaongezeka kama mara 16. Semitrela iliyojaza tani 56, ambazo ndizo mwisho kwa sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, inaiumiza lami maelfu ya mara kuliko Noah ya abiria, lakini mafuta inayokunywa hayafiki hata mara kumi ya Noah. Maana yake kwa tozo ya lita, mwenye Noah na bodaboda wanamlipia mwenye semi. Geti linalotoza kwa uzito lingekuwa la haki zaidi kwa mnyonge kuliko hiki tunacholipa sasa. Tulifikirie hilo kabla ya kulikataa geti lenyewe.

La pili, magari ya gesi yanaongezeka Dar. Hayanunui petroli wala dizeli, kwa hiyo tozo ya lita haiyagusi. Mfuko utapungua, lazima Bunge litafute njia nyingine.

Wakala Tandahimba
Fundi, umesema magari ya gesi Dar. Gesi ya nani hiyo? Inatoka Mnazi Bay, inasafishwa Madimba, inaingia kwenye bomba tangu 2015 inakwenda Dar. Songo Songo nayo ni Kilwa, mkoa wako wa Lindi. Kwa hiyo bajaji ya Dar inatembelea gesi ya kwetu bila tozo ya lita, na bodaboda wa Nanguruwe ananunua petroli yenye tozo zote. Nieleze haki iko wapi hapo.

Fundi Lami, Lindi
Mkuu, nilikuwa naeleza kwa nini mfuko utapungua. Sikusema ni haki. Hoja ya ekseli unaionaje?

Wakala Tandahimba
Nitafika kwenye ekseli. Kwanza gesi. Mwaka 2013 tuliposema gesi isitoke mpaka tujue tunabaki na nini, tuliitwa wachochezi.

Suka wa Makaa
2013 mlichoma mali zenu wenyewe, tuseme ukweli. Mwekezaji gani anakuja penye fujo?

Mzee wa Nachingwea
Kijana, shika adabu. Watu walikufa mwaka ule. Wapo wanaosoma hapa walizika ndugu zao. Unaweza kutetea geti lako bila kukanyaga makaburi.

Suka wa Makaa
Shikamoo mzee. Nimekusikia, hilo la 2013 naliacha. Ila nisionekane adui, mimi nakula ugali kwa hii barabara.

Mzee wa Nachingwea
Marahaba. Endelea na hoja.

Wakala Tandahimba
Haachi huyo, anarudi nyuma tu. Tuje kwenye korosho. Ushuru wa korosho ghafi inayokwenda nje ni asilimia 15 ya bei au dola 160 kwa tani, kilicho kikubwa. Asilimia 65 ilikuwa ya tasnia yenyewe, pembejeo, utafiti, salfa. Mwaka 2018 Bunge likaamua zote ziende Mfuko Mkuu wa Hazina. Wabunge wa kusini walipiga kelele mpaka sauti zikakauka, kura zikapita. Kwa hiyo tumeshatoa gesi na ushuru wa korosho, tozo ya mafuta tunalipa kama wengine, na bado mnatuletea geti? Sitaki geti la uzito, la ekseli wala la aina yoyote.

Suka wa Makaa
Na lami ya Tandahimba je? Kutoka Mnivata kupitia kwenu na Newala mpaka Masasi, kilomita 160, si ni mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika? Anaulipa nani? Ni Watanzania wote, na mimi wa Mbinga nimo.

Wakala Tandahimba
Hiyo barabara tumeidai tangu babu zangu wapo hai. Korosho iliyobebwa kwenye vumbi lile imeijengea nchi hii mangapi? Usinifanye niliyesaidiwa. Hiyo ni haki yangu.

Sheria Mkononi
Nimesoma kimya tangu mwanzo. Wakala, umegusa jambo ambalo mleta mada angelitazama kwa makini. Ile asilimia 65 ilikuwa imeandikwa kwenye Sheria ya Tasnia ya Korosho. Haikuwa ahadi ya jukwaani. Ikaondolewa kwa Sheria ya Fedha ya 2018, muswada wa bajeti unaorekebisha sheria nyingi kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo kijana anayedai kifungu cha njia mbadala anadai kitu cha maana, ila kifungu peke yake hakimlindi. Mwaka wowote wa bajeti kinaweza kuondoka.

Ulinzi mwingine ni mkataba wenyewe. Sheria ya Ubia ni ya 2010, imerekebishwa mara kadhaa, ikiwemo 2023. Tungeshinikiza kwamba mkataba wa geti uwekwe wazi kabla ya kusainiwa, wenye muda wa kutoza, viwango, nani anaruhusu viwango kupanda, na sharti la njia ya bure. Mkataba wenye sharti hilo haufutwi kirahisi kama kifungu, kwa sababu kuna upande wa pili.

Wakala Tandahimba
Wewe ni wa serikali? Mbona unatufundisha jinsi ya kulikubali geti?

Sheria Mkononi
Mimi ni mtoto wa Newala kama wewe, na shamba la mikorosho tunalo. Nakwambia panapovuja. Ukitaka kukataa, kataa ukijua.

Bi Mikindani
Mimi bado niko na Fundi na zile ekseli zake, kwa sababu hayo malori nayaona kila siku. Yanapita usiku na mchana kwenda bandarini, vumbi jeusi kwenye nguo tulizoanika. Kama yanaumiza lami kuliko Noah, kwa nini geti lianze na abiria? Wenye makaa walipe peke yao.

Suka wa Makaa
Dada, na mimi nina watoto. Mizani napima, nikizidi napigwa faini, maturubai nafunga. Mafuta ninayojaza kwa safari moja bodaboda hamalizi kwa miezi, na kila lita ina tozo. Halafu bandari yenu ilikuwa inalala mpaka msimu wa korosho. Makaa ndiyo yameleta meli. Vibarua wa pale ni vijana wenu.

Fundi Lami, Lindi
Na korosho nazo zimechangia. Tangu msimu wa 2023 za Mtwara na Lindi zinatokea bandari ya Mtwara, zamani malori yalikuwa yanazipeleka Dar kwa barabara ya Kibiti. Ule uamuzi umeipumzisha barabara bila geti lolote.

Mzee wa Nachingwea
Mnabishana lori na lami. Mzigo wa makaa ni wa reli. Huku tulikuwa na reli ya Waingereza ya mradi wa karanga, Mtwara mpaka Nachingwea. Mradi ukafa, mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Tuta lake sehemu nyingine bado lipo. Ile ya Mtwara–Mbamba Bay tunayoahidiwa, yenye matawi ya Mchuchuma na Liganga, wabunge wetu wangeisimamia hiyo kuliko mageti.

Suka wa Makaa
Mzee, reli ikija mimi naenda wapi?

Mzee wa Nachingwea
Utabeba mizigo ya kutoka stesheni mpaka mashambani. Kazi haiishi.

Suka wa Makaa
Semitrela haiingii shambani, mzee. Hapo wanaingia wenye Fuso.

Kijana wa Chikongola
Jamani, swali lilikuwa kifungu cha njia mbadala. Sheria Mkononi, hayo ya mkataba kuwekwa wazi kabla ya kusainiwa, mwananchi anayapeleka wapi? Kamati ya Bunge ya Miundombinu inapokea maoni ya mtu mmoja mmoja?

Wakala Tandahimba
Kabla hajakujibu, mwambie Fundi anijibu habari ya gesi. Nasubiri tangu asubuhi.