Nimehamisha mstari wa paswadi kwenye SSH, lakini paswadi bado inaingia

tona_na_karatasi:
Habari wakubwa. Nasimamia seva ya Ubuntu 22.04 ya duka letu la kuchapisha, karibu na River Road. Wateja hututumia kazi kwa SFTP, yaani kutuma faili kupitia SSH, njia ya kuingia seva kwa mbali: kadi za harusi, vijitabu vya mazishi, mabango ya kanisa. Kwenye logi naona watu wakibahatisha paswadi usiku kucha, basi nikaamua tubaki na funguo tu (faili ya siri kwenye kompyuta ya mteja, badala ya paswadi).

Faili kuu ya mipangilio ya SSH, `sshd_config`, sikutaka kuigusa tena. Sasisho likija huuliza ubaki na yako au uchukue mpya, na siku moja kijana wa zamu alijibu ovyo. Nikafuta mstari wa kule, nikaandika `PasswordAuthentication no` ndani ya `/etc/ssh/sshd_config.d/99-usalama.conf`. Mimi naingia kwa ufunguo, nikaona mambo sawa.

Jumatatu mama mmoja wa Gikomba anayechapisha leso akatuma kazi kwa FileZilla, programu ya kutuma faili, paswadi ileile. Kumbe sikuzima kitu! Halafu nikashukuru, maana ingezimika kweli ningekuwa nimemfungia mlango bila hata kumpigia simu. Nihamishe vipi bila kuwaumiza wa zamani?

mzee_wa_kibodi:
Fanya `ls` humo ndani. Nahisi utakuta `50-cloud-init.conf`, faili inayowekwa na cloud-init seva inapoandaliwa mara ya kwanza, imeandikwa `yes`. SSH hushika thamani ya kwanza inayokutana nayo, na 50 husomwa kabla ya 99. Kinachotuchanganya ni `sysctl.d`, folda ya mipangilio ya kernel, maana kule wa mwisho ndiye mshindi. Ipe faili yako 10. Na usiamini faili, iulize SSH yenyewe inatumia nini: `sudo sshd -T | grep -i passwordauth`.

dada_wa_logi:
Mzee yuko sahihi, lakini ukibadilisha jina leo, mama wa Gikomba yuko nje leo. Kwanza jua ni akina nani:

`sudo journalctl -u ssh | grep "Accepted password"`

Wa ufunguo huandikwa `Accepted publickey`, hao waache. Angalia mwezi mzima, kuna wateja huonekana mwisho wa mwezi tu. Waliobaki watie kwenye kikundi, tuseme `paswadi`, kisha kwenye faili hiyohiyo, chini ya ule mstari wa `no`:

```
Match Group paswadi
    PasswordAuthentication yes
```

Match hushinda mpangilio wa jumla. Kila anayepata ufunguo unamtoa kikundini. Kumpima mmoja mmoja: `sudo sshd -T -C user=jina,host=localhost,addr=127.0.0.1`.

mvua_ya_aprili:
Na `sudo sshd -t`, ikague makosa kwenye faili, kabla ya `systemctl reload ssh` ya kuipakia upya. Terminali uliyomo usiifunge, haikatwi. Fungua ya pili ujaribu nayo. Mimi niliifunga, nikapanda matatu hadi Barabara ya Mombasa kwenda kushika kibodi ya seva kwa mkono. Nauli ya mvua mnaijua.

tona_na_karatasi:
Ilikuwa 50-cloud-init kweli. Logi imetoa akaunti 9, na moja ni skana yetu wenyewe pale kaunta! Hiyo isingepiga simu kulalamika, ingenyamaza tu na kazi zikapotea. Wote wako kikundini, faili sasa ni `10-usalama.conf`. `-T` inasema `no`, ya mama inasema `yes`. Jumamosi anapitia mzigo wake, nimemwambia aje na laptopu tumwekee ufunguo nikiwa naye.