Notts County 2022/23: pointi 107 na bado hawakuwa mabingwa?

Wakuu, ni kweli Notts County walivuna pointi 107 kwenye National League (daraja la tano la Uingereza) na bado hawakupanda moja kwa moja? Anayeifahamu ligi hii anieleweshe.

Jibu: Kweli kabisa. Ligi hii hupandisha bingwa pekee moja kwa moja. Nafasi ya pili ya kupanda inagombewa kwenye mechi za mchujo. Rekodi ya awali ilikuwa pointi 105 za Crawley Town, 2011. Notts wakaivunja, ila Wrexham wakafikisha 111!

Mimi naipenda mno mechi ya Aprili 10, 2023. Wrexham wanaongoza 3-2, dakika za nyongeza, Notts wanapata penalti. Golini yuko Ben Foster, miaka 40, aliyekuwa ameshastaafu akarudishwa wiki chache tu kabla. Akaipangua. Nilipiga kelele nyumba nzima ikaamka. Pale ndipo ubingwa ulipoamuliwa, hata kama mechi zilibaki.

Muulizaji: Dah! Kwa hiyo Notts wakabaki?

Jibu: Hapana, walipanda, ila kwa jasho. Nusu fainali ya mchujo walikuwa nyuma 2-0 dhidi ya Boreham Wood, wakashinda 3-2 kwa bao la Jodi Jones dakika ya 120. Fainali uwanjani Wembley wakaitoa Chesterfield kwa penalti.

Mwingine: Msimsahau Langstaff, mshambuliaji wa Notts, mabao 42 ya ligi. Nafasi mbili tu za kupanda kwa timu 24 ni uonevu, ziongezwe ziwe tatu.