Tupeane uzoefu: walimu na wazazi, Oktoba na mambo ya Halloween mnayabebaje darasani?

Mwl. Kigoda

Wakuu, shikamooni kwa wanaostahili, wengine mambo vipi.

Nafundisha darasa la 4 hapa Minnesota, mwaka wa sita sasa. Ikikaribia Oktoba shule nzima inageuka rangi ya chungwa kwa ajili ya Halloween, ile sikukuu ya tarehe 31 ambapo watoto wanavaa kama mizimu na kuomba pipi nyumba kwa nyumba: maboga kwenye ngazi, popo wa karatasi darini, mifupa ya plastiki mlangoni mwa maktaba. Mwaka wa kwanza nilikaa pembeni, nikasema hayo ni mambo yao. Kilichoniuma zaidi ni boga. Boga kwetu ni chakula, unalipika kwa tui unanywea na chai. Hawa wanalikomba matumbo, wanalitoboa macho, wanalitia mshumaa, siku nne baadaye linakwenda na taka.

Mwaka wa pili nikaona nikiendelea kununa nitawapoteza watoto mwezi mzima, maana akili zote ziko kwenye pipi. Nikawafuata huko huko. Nikaanza na saa.

Niliwaambia kwetu saa inafuata jua. Likichomoza tunaanza kuhesabu, saa nzima ikipita ndiyo saa moja. Likizama, tunaanza kuhesabu upya. Wakacheka. Nikawapa kazi: kwa wiki 6, kila siku mmoja aandike jua limechomoza saa ngapi na limezama saa ngapi, halafu tunachora grafu ukutani. Tarehe 31 Oktoba hapa Minneapolis jua linatoka karibu saa mbili kasorobo asubuhi na kuzama kwenye saa kumi na mbili jioni. Mchana wa saa 10 na robo tu, wakati mwezi wa Juni ulifika saa 15 na nusu! Pembeni nikachora mstari wa urefu wa mchana wa Dar es Salaam. Karibu umenyooka mwaka mzima. Binti mmoja akauliza mwenyewe: "Kwa hiyo tukitumia saa yenu hapa, saa moja itakuwa inahamahama?" Ndiyo, mwanangu. Hapo ndipo nikaingiza mwinamo wa dunia, nyuzi 23.5, na kuwavunjia ile imani kwamba baridi inakuja kwa sababu dunia imekwenda mbali na jua. Dunia inalikaribia jua zaidi mwanzoni mwa Januari, siku ambazo huku hata kope zinaganda.

Jumapili ya kwanza ya Novemba huku Marekani saa zote zinarudishwa nyuma kwa saa moja, basi mistari ya kuchomoza na kuzama inashuka ghafla kama imeteleza, lakini urefu wa mchana haushtuki. Kila mwaka kuna anayedhani kakosea, anafuta.

Haya, na nyie? Sharti moja: leta ulichokifanya mwenyewe, pamoja na kilichokushinda.

BintiChakeChake

Waalaykum. Mimi ni mwalimu msaidizi Leeds, Uingereza, watoto wa miaka 7 na 8. Huku Halloween mara nyingi inaangukia kwenye likizo fupi ya mwisho wa Oktoba, kwa hiyo kazi zote zinabanwa kabla. Wakirudi tu ni tarehe 5 Novemba, mioto na fataki, habari za Guy Fawkes, aliyekamatwa kwenye njama ya kulipua bunge, na mapipa ya baruti ya 1605.

Mimi nilishika popo. Kila darasa lina popo weusi wa karatasi, wote saizi moja, wote wana meno. Nikasema ngoja. Tukatandika karatasi ya manila sakafuni, tukachora popo kwa ukubwa wake halisi. Popo mdogo anayeruka juu ya bustani za Leeds, bawa hadi bawa ni kama sentimita 20, uzito wake kama gramu 5, yaani sawa na sarafu ya peni 20. Halafu nikawatolea wa kwetu: popo wa Pemba, asiyepatikana popote duniani isipokuwa Pemba, mabawa yakifunguka yanafika mita 1.6. Watoto wakalala chini kumpima. Hakuna aliyemfikia! Wakagawanya: popo 8 wa Leeds ndani ya mmoja wa Pemba. Hesabu ya kugawanya niliyoihangaikia wiki nzima ikaingia kwa dakika kumi.

Sayansi ikafuata yenyewe. Huyu mdogo anakula wadudu, inasemwa hadi 3,000 kwa usiku mmoja. Wa Pemba ni mla matunda, anatapanya mbegu msituni. Nikawahadithia jinsi walivyowindwa wakaliwa hadi wakakaribia kwisha, kisha wanavijiji wakaamua kuwalinda, leo wageni wanakwenda Kidike kuwaangalia. Kuna mtoto alikwenda nyumbani akamwambia mama yake kwamba popo hawanyonyi damu "isipokuwa wachache wa Amerika". Sahihi kabisa.

Popobawa, lile jini la kutisha la visiwani, sikumtaja. Waliozaliwa visiwani mnajua kwa nini. Ile si hadithi ya watoto, na si hadithi ya kumweleza mwalimu mkuu wa Kiingereza saa nne asubuhi.

Mwl. Kigoda

😂😂 Hapo kwa popobawa nimecheka hadi wenzangu ofisini wamegeuka.

Shangazi wa Lushoto

Mwalimu, umeniuma na hilo boga, na mimi nina la kwangu.

Nipo maktaba ya shule, Ohio. Mwezi huu naombwa hadithi za kutisha kwa darasa la 3 na la 5. Miaka miwili nilisoma vitabu vyao vya vizuka, vizuri tu, lakini watoto wanavijua kuliko mimi. Mwaka wa tatu nikafunga kitabu, nikasema "Paukwa!" Nikawafundisha kujibu "Pakawa!" Nikawapa boga la Usambara.

Wasambaa mliomo humu mtakuwa mmelisikia. Watoto wa kiume wanacheza kondeni, wanaliona boga, mmoja anasema, "Lione boga linavyokua!" Boga linajibu: "Ukinichuma, nami nitakuchuma." Wanakimbia nyumbani, mama zao hawaamini. Boga linakua, linakua, linaingia kijijini, linameza watu wote. Anabaki mwanamke mmoja, mjamzito. Boga likishashiba linajitupa ziwani. Mtoto anazaliwa, anakua, anauliza baba yuko wapi. Akiambiwa, anachonga upinde na mishale, anakwenda ziwani kuliita. Boga linafa, linapasuliwa, watu wanatoka mmoja mmoja.

Nilikuwa nimeweka boga moja kubwa mezani, sikuligusa, sikulitazama. Nilipofika kwenye "nami nitakuchuma", safu nzima ya mbele ilirudi nyuma kwa makalio. Tangu siku hiyo nikipita korido nasikia "Paukwa!" kutoka kwa watoto nisiowajua hata majina.

Mwalimu wao wa lugha akaichukua: andika hadithi ileile kwa mdomo wa boga. Mmoja aliandika kwamba boga lilikuwa na upweke tu. Nilikaa na karatasi ile muda.

Darasa la tano nikawaongezea historia, kwamba desturi hii ya Halloween ilikuja Marekani na wahamiaji, hasa Waayalandi, na kwao walikuwa wakichonga tanipu, ule mzizi mgumu kama jiwe. Boga ni la bara la Amerika, wamelikuta huku, wakaona ni kubwa na laini. Tulijaribu kuchonga tanipu. Kijiko kimoja kilipinda, kingine kikavunjika mpini, kengele ikalia tukiwa hatujafika hata nusu. Msijaribu na watoto, ni kazi ya mtu mzima mwenye hasira.

Mama Furaha

Jambo sana bandugu. Mimi si mwalimu, niko mama ya batoto bane, Iowa. Tulitoka Uvira, kule Kongo, tukakaa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi Tanzania, miaka mingi, ndio tukakuja huku.

Mwaka ya kwanza mutoto alileta karatasi kutoka masomo (shule), eti siku fulani avae nguo ya mizimu. Baba yake alikataa, sisi ni watu ya kanisa. Siku ile hakuenda. Akalia kutwa. Na masomo hawakujua sababu, waliandika tu kama hakuwako.

Mwaka ya pili mwalimu akaniita pamoja na mutafsiri. Hakunibishia. Aliuliza tu: "Nini munaweza kukubali, nini hapana?" Nikasema mavuno tunakubali, maboga tunakubali, majani tunakubali. Mashetani hapana. Kumbe tulikuwa familia tatu tunawaza hivyo, hata mama mumoja wa Kisomali. Akatenga meza ya hesabu: boga tatu, batoto wanapima uzito, wanafunga kamba kwa kiuno ya boga wajue muzunguko, wanakisia mbegu ni ngapi. Halafu wanazihesabu kwa makumi. Mutoto yangu alikisia 60. Ilikuwa 412! Hata dogo lilikuwa na mbegu nyingi kupita kubwa moja. Wakaweka boga kwa maji, wote wakasema itazama. Ikaelea.

Mwisho nikaona wanataka kutupa mbegu. Nikasema hapana, hii ni chakula! Kwetu unazikausha, unatwanga, unapika. Nikaomba nizibebe nyumbani nizikaange na chumvi. Mwalimu akaangalia kwanza liste ya batoto wenye allergie, ndio akakubali. Kesho yake batoto walikula, mwengine akaomba ya kupelekea nyanya yake.

Kwa walimu ninaomba kitu kimoja: mutuulize mapema, Septemba, si ile wiki yenyewe.

BintiChakeChake

Mama Furaha, ahsante. Kwetu pia kuna wazazi wa Kiislamu hawataki, na mimi mwenyewe wanangu hawavai. Barua ya Septemba nitaipeleka kwa mwalimu wangu mkuu.

MwalimuWa254

Sasa nyinyi mko kwa majani yanayoanguka. Mimi niko Nairobi, shule moja ya mtaala wa kigeni, na Oktoba nililetewa mpango wa masomo uliochapishwa kule: "Watoto watoke nje waokote majani mekundu, ya njano na ya kahawia, wayapange kwa rangi." Wacha nitoke nje na watoto 22 na vikapu. Majani yote kijani kibichi! Kilichoanguka ni maua ya jakaranda, zambarau, barabara nzima imefunikwa.

Nikafikiri nirudi ndani nitafute picha, nikaona huo ni ujinga. Tukaokota jakaranda. Tukahesabu, tukapanga kwa ukubwa, tukayabana kati ya kurasa za gazeti. Halafu swali likakuja: kwa nini huu mti unamwaga maua na ule wa kitabuni unamwaga majani? Tukaongea juu ya baridi na ukame. Mwanafunzi mmoja wa Kitui akasema kwao mibuyu inabaki uchi wakati wa kiangazi. Kumbe mti unaweza kumwaga majani kwa ajili ya kiu, si baridi tu. Somo zuri kuliko lile la karatasi.

Lakini nilikwama kwa lugha. Mwalimu wa Kiswahili alitafsiri "autumn" ya kule, akaandika ubaoni "majira ya vuli", kama kamusi inavyosema. Watoto wakauliza: mvua za vuli si ndizo hizi tunazingojea tupande? Wako sahihi! Kule vuli ni kuvuna na kukauka, kwetu ni mbegu ardhini. Nyinyi mnasemaje?

Shangazi wa Lushoto

Mimi husema "majira ya kupukutika majani". Ndefu lakini haimdanganyi mtu. Vuli naiachia mvua yake.

Mwl. Kigoda

Mimi nitabaki na vuli kwa sababu ndiyo iko vitabuni, ila nitaongeza hilo swali la watoto wako ubaoni. Tayari ni somo.

Fundi Maabara

Nimechelewa, ndugu zangu. Mimi ni fundi wa maabara, sekondari, Toronto. Huku Siku ya Shukrani ni Jumatatu ya pili ya Oktoba, kwa hiyo mavuno na mizimu vinakutana mwezi mmoja.

Kazi yangu ya kila mwaka: kutenganisha rangi za jani. Unachana majani ya mti wa mepo (maple) vipande vidogo sana, unayaponda ndani ya glasi na spiriti, unaifunika, unaiweka kwenye maji ya moto (siyo kwenye moto, spiriti inawaka), unasubiri kama nusu saa. Halafu unachovya ncha ya ukanda wa karatasi ya kuchujia kahawa. Rangi zinapanda na kuachana. Jani la kijani linaonyesha njano ndani yake, na hapo watoto wanaelewa: njano ilikuwemo tangu zamani. Klorofili, ile rangi ya kijani, ilikuwa imeifunika. Mchana ukifupika mti unaacha kuitengeneza, kijani kinaondoka, njano inaonekana. Nyekundu ni habari nyingine, hiyo mti unaitengeneza sasa hivi kutokana na sukari iliyonaswa kwenye jani.

Mara ya kwanza niliwapa majani yaliyokwisha kuwa kahawia. Hamna kitu. Madarasa manne yanaangalia ukanda mweupe na mimi nimesimama kama mganga aliyekosa dawa. Chukueni yale ambayo bado yana kijani.

La pili ni boga la kuoza. Unalifungia kwenye chombo angavu, darasa linaandika kila wiki: ukungu mweupe, kisha wa kijivu, kisha linazama katikati kama uso wa mzee. Zuri sana. Tatizo, mwaka fulani mtu alifungua mfuniko siku ya Ijumaa "aone tu", akaenda zake. Jumatatu mwalimu wa muziki, chumba cha jirani, alikuja kuniuliza kama kuna panya amefia kwenye bomba. Bandikeni karatasi: USIFUNGUE.

Mwl. Kigoda

Hapo umenikomesha, mimi mwaka jana nililiacha juu ya rejeta ya kupashia chumba joto.

Shangazi, naomba ruhusa ya boga la Usambara, nitalisimulia wiki ijayo. BintiChakeChake, tafadhali nitumie mchoro wa yule popo wa mita 1.6. Nimeshanunua maboga matatu: moja la kupima, moja la kuozesha, moja nyama yake nitaipika nyumbani niwaletee waonje. Tatizo ni tui, huku ni la kopo. Linakubali kwenye boga au litakatika?

Mama Furaha

Inakubali. Weka moto kidogo, na usifunike.